Miguu ya Mukwe Wangu

Tulimzika Debora siku ya Jumanne, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi hata udongo ukawa unang'ang'ania viatu. Mimi nilitoka huku Mbarara, Kakiika, kwa mjukuu wangu Neema ninakokaa sasa, nikafika sala imeanza. Baada ya kutupia udongo, mama mmoja kijana aliyeniletea kiti akaniita koko, yaani bibi, akaniuliza, "Koko, katika ile nyumba ya bazee, nani amebaki?" Nikahesabu kwa vidole wale wanane wa kwanza. Yeremia aliyekuwa mwenyekiti wetu. Debora mwenyewe. Esta na Rahabu, ndugu wawili wa tumbo moja. Mzee Kashindi ambaye hakuwa akiinuka. Mama Faida ambaye akili yake ilikuwa imerudi utotoni. Zakaria. Na mimi, Mama Salome. Nikamwambia, "Nimebaki mimi." Akasema pole, akaenda kugawa chai. Lakini njiani kurudi niliona kwamba kilichonikaa kifuani si kifo cha Debora peke yake. Mwaka ule wa 2006 nilisema uongo, uongo mfupi, nikausema kila jioni kwa miezi mitano. Walioujua ni watu wawili, Debora na Zakaria, na hawakumwambia mtu. Sasa wote wawili wako chini. Ungedhani ningepumua. Badala yake nimekuwa kama mtu aliyeachiwa mzigo uliokuwa ukibebwa na watu watatu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya matofali ya udongo, vyumba sita kwa mstari mmoja, milango yote ikitazama ziwa. Kanisa ndilo lililoijenga kwa wazee wasio na mtu. Hapakuwa na mwuguzi, hapakuwa na mpishi. Vijana wa kanisa walileta kuni Jumamosi, wakaimba nyimbo mbili, wakaenda zao. Mengine yote tulifanyiana sisi wenyewe, na aliyepanga nani amfanyie nani nini alikuwa Yeremia, mwinjilisti wa zamani, mtu mwembamba ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Alikuwa akisema, "Hapa hakuna mutu muzima hata moja. Lakini sisi munane, ukitukusanya muzuri, tunatoka batu bane bazima." Basi alikuwa akitukusanya. Debora alikuwa kipofu tangu ujana, lakini mikono yake iliweza kukamua blanketi mpaka likakauka nusu. Yeye alifua nguo zetu na kusonga bugali, na Esta alikaa karibu kumwonyesha doa liko wapi. Rahabu hakusikia vizuri, kwa hiyo ndiye aliyelala na Mama Faida aliyepiga kelele usiku. Mimi nilikuwa na miguu. Niliteka maji, na siku ya mgao nilikwenda na kadi za wote zimefungwa kwenye pembe ya kitenge changu. Zakaria alikuwa na macho. Alitunga uzi kwenye sindano, alisoma barua, aliwanyoa wanaume, na alichambua maharagi ya nyumba nzima, kwa sababu maharagi ya mgao yalikuwa na mawe, na sisi tulikuwa na meno machache ya kupoteza. Bakuli langu aliliacha juu ya kigoda nje ya mlango wangu, maharagi safi kama mayai, na mimi nilitoka kulichukua nikisikia fimbo yake imekwisha kufika mbali.

Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa mukwe wangu. Marehemu mke wake, Mapendo, alikuwa mtoto wa dada yangu mkubwa, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, huna lingine la kumwita. Kwa umri Zakaria alinizidi miaka kumi. Debora alipenda sana jambo hilo. "Kuya muone maajabu," alisema, "mukwe amezeeka mbele ya mama mukwe wake." Lakini mzaha ni mzaha, na mila ni mila. Kwetu milimani mukwe na mama mukwe hawashikani mikono. Hawali wakitazamana. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na mwili ulio chini ya nguo, huo hata siku ya msiba huuoni. Mtu wa nje anaweza kufikiri ni uadui. Sivyo. Mukwe anakuogopa kwa sababu ulimpa kitu kikubwa kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na hofu hiyo ndiyo shukrani yake.

Sasa Zakaria alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwezi wa tatu mwuguzi wa kliniki alitufuata nyumbani akatueleza taratibu, kama unavyoeleza watoto, kwamba miguu ya mzee huyu haisikii tena. Akikanyaga msumari hatajua. Akiungua hatajua. Yeye mwenyewe hawezi kujikunja akaona nyayo zake, kwa hiyo kila jioni lazima mtu mwenye macho azitazame, na katikati ya vidole pia, kwa sababu kidonda kidogo kikikosa kuonekana kinaweza kumla mguu. Akaondoka. Tulibaki tumekaa kwenye mkeka na Yeremia akaanza kutuhesabu kichwani. Debora hana macho. Yeremia mwenyewe ana ukungu. Kashindi hainuki, Esta na Rahabu migongo yao imekataa, Mama Faida ndiyo huyo anamwimbia kuku. Nilijua hesabu hiyo itaishia wapi kabla haijaisha.

"Mama Salome," alisema, "wewe njo utaangalia miguu ya Zakaria."

Debora akacheka. "Yeremia, unawatafutia mambo. Huyo ni mukwe wake."

"Najua. Lakini hiyo mambo ilibaki ngambo. Hapa Nakivale hakuna mukwe, kuko mugonjwa na mwenye kumuangalia. Ao nadanganya, mama?"

Wote walinigeukia, hata Debora alinigeuzia uso. Zakaria alikuwa anatazama kichwa cha fimbo yake. Nikasema, "Hapana, haudanganye. Nitaangalia." Yeremia akaomba Mungu abariki mikono yangu, tukasema amina.

Jioni ile nilikwenda kwenye mlango wake. Alikuwa ameketi kitandani, buti zake za mpira zimepangwa kando, soksi bado ziko miguuni. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatazama ziwa. Nikasema, "Miguu iko namna gani?" Akajibu nyuma yangu, "Iko salama, mama mukwe." Nikasema aksanti. Nikaenda zangu. Jikoni Debora alikuwa akigeuza bugali, akauliza bila kusimama, "Umeangalia?" Nikasema, "Nimeangalia. Iko salama." Na Zakaria alipokuja kuchukua sahani yake, ambayo aliila daima akiwa ameelekea ukuta, Debora alimwuliza na yeye. "Ameangalia," akasema. Ndivyo tulivyoanza. Hatukupatana. Hatukusemezana. Kila mmoja alimsikia mwenzake akidanganya, akaona vema.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinishinda. Nilikuwa nimewahi kufunga vidonda vya watu nisiowajua, njiani, wakati wa kukimbia. Nilikuwa nimemkata Kashindi kucha za miguu mara ngapi sijui. Haikuwa kinyaa. Nadhani ni hivi: tulikuwa tumeacha mashamba, tumeacha ng'ombe, tumeacha makaburi ya watu wetu bila hata kuyapalilia. Mapendo hatujui amelala wapi. Lakini Zakaria alipoingia kwenye majani kunipisha na ndoo yangu, pale pale nilikuwa tena mwanamke mwenye boma, mwenye binti aliyeolewa kwa heshima, watu wakiona. Hakuna askari aliyewahi kutunyang'anya kitu hicho mpakani. Sikutaka kukiachia kwa sababu ya soksi. Ndivyo nilivyofikiri, na nikifikiri hivyo nilijiona mtu mwema.

Jua la mwaka ule lilikuwa kali. Mwezi wa nane ziwa lilirudi nyuma likaacha matope yaliyopasuka, na mimi niliteka maji mbali zaidi, nikarudi nimechoka, nikauliza swali langu mlangoni huku nimeshikilia nguzo. "Salama, mama mukwe." Ndipo Debora alipoanza kulalamika. Alisema kuna panya amekufa. Esta akatafuta chini ya vitanda, Yeremia akapapasa juu ya kuta kwa ufagio, maana kuta zetu za ndani hazikufika kwenye mabati na panya walizifanya njia yao. Hawakupata kitu. Siku ya tatu Debora alikuwa amekaa akikamua shuka la Kashindi, akasimama ghafla, maji yakimdondoka, akasema, "Hiyo haiko panya." Akaanza kutembea akishika ukuta, mlango kwa mlango, akivuta pumzi kwenye kila mlango, mpaka wa Zakaria. Mimi nilikuwa naingia na ndoo. Nikaiweka chini.

"Vua hizo soksi," Debora alisema.

"Mama Debora, niache. Nimechoka."

"Unaogopa nini? Mi sina macho. Sitaona kitu. Vua."

Nilisimama nje ya mlango, uso wangu kwenye ziwa kama siku zote. Nilisikia kitanda kikilia, kisha soksi ikivuliwa, na ilivuliwa kwa shida, kama kitu kilichogandamana. Debora alikuwa anapitisha vidole kwenye unyayo. Baadaye aliniambia, siku moja tu na hakurudia, kwamba kidole chake kiliingia ndani, na kwamba Zakaria hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mama Salome," alisema, sauti ya chini. "Kuya karibu."

Nikasogea mpaka kwenye kizingiti. Sikugeuka.

"Siku hizi zote, ulikuwa unaangalia na nini?"

Yeremia naye alikuwa amefika, anauliza kuko nini, kuko nini. Debora akafuta mkono wake kwenye kitenge. "Kidonda," alimwambia. "Kimetoka leo leo. Hii magonjwa ya sukari inakimbia mbio." Yeremia akasema, "Bahati muzuri mama anaangaliaka kila siku." Mimi niliinama nikaokota ndoo ambayo haikuhitaji kuokotwa.

Kwenda hospitali Mbarara lazima mgonjwa awe na mtu wake wa kumpikia na kumwosha, yule ambaye sisi Wakongomani tunamwita gadi-malade. Safari hii hesabu ya Yeremia ilikuwa fupi, maana mwenye miguu alikuwa mmoja. Pasta alituletea pikipiki ya kutufikisha Rwekubo, tukachukue gari huko. Zakaria akawekwa katikati, nyuma ya dereva, homa imempanda, kichwa kinaanguka huku na huku. Dereva akaniambia, "Mama, mushike muzuri, ataanguka." Nikamshika kiuno kwa mikono miwili, kifua changu mgongoni kwake, tukapita hivyo katikati ya soko la Rwekubo. Nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia moto wa mwili wake kwenye nguo yangu na nilikuwa nikisema moyoni, Mapendo, usitazame.

Wodini mwuguzi mmoja wa Ankole, Sista Kembabazi, alikuja na karatasi. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, akaniita kaaka, bibi kwa lugha yao. "Kaaka, jina ya mzee ni nani?" Nikanyamaza. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani nimeziba masikio. Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote niliowahi kula nao, nilisimama pale kama mwizi. "Wewe iko nani yake?" akauliza. "Kama hujui jina, nani amekutuma?" Zakaria alikuwa amelala macho yamefunguka. Nikasema, "Zakaria." Nilisema kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mbele yake. Akageuza uso ukutani. Sista akaandika, akanipa beseni na glavu, akasema, "Haya, toa nguo, osha yeye. Daktari anakuja."

Basi nilimwosha. Yeye alijifunika uso na blanketi, na mimi nikajifunga kitenge kichwani nikakishusha mpaka kwenye nyusi, nikaona tu pale mkono wangu ulipokuwa. Na mguu niliuona. Sitaueleza ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba haukuwa mguu wa siku moja, wala wa juma moja, na kila mtu mwenye macho angejua. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mnene wa kijiji cha Masha aliyemwuguza dada yake, akatuletea matoke kwenye majani ya ndizi. Siku ya pili akaniambia, "Kaaka, bwana yako iko mpole sana, lakini mbona nalala na blanketi usoni? Nyinyi mmegombana?" Nilitaka kufa. Ndipo nikaona blanketi linatikisika. Nilidhani ni homa. Zakaria alikuwa anacheka. Na mimi, sijui nilianzaje, nikacheka nikashika ukingo wa kitanda, na yule mama wa Masha akacheka na sisi bila kujua anacheka nini.

Baada ya kicheko kile ndipo tulipoongea, yeye ndani ya blanketi, mimi ndani ya kitenge.

"Nilijua," alisema. "Soksi ilikuwa inalowana. Juma mbili, na zaidi."

"Na ukaniambia salama."

"Ningesema ingine, ungelazimishwa kuangalia."

"Si ungeita Yeremia akatafuta mutu."

"Na wewe, mama mukwe. Si ungegeuka."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayechambua maharagi, hili hapa, hili pale. Nilikaa na beseni mapajani. Kesho yake daktari alisema kidonda kimefika kwenye mfupa, na mguu ukatwe chini ya goti kabla haujamwua. Homa ilikuwa imemchukua tena, hakuweza kushika kalamu, na yeye ndiye aliyekuwa msomi wetu. Sista Kembabazi akanishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akakiweka kwenye karatasi. Kidole hicho kilikuwa chepesi sana kwa kazi ile. Walipomtoa chumba cha upasuaji, yule mama wa Masha alinishika bega akasema nimshukuru Mungu, amepona. Nilishukuru. Lakini kinywa changu kilikuwa na ladha ya chuma, na kilibaki hivyo siku nyingi.

Tulirudi Nakivale mvua imeanza, majani yamechipuka kila mahali. Sasa sikuhitaji Yeremia anipangie. Kila asubuhi nilichemsha maji, nikamwosha Zakaria, nikafungua bandeji, na jioni niliushika mguu uliobaki mikononi mwangu nikautazama kwenye mwanga wa mlango, unyayo, kisigino, kidole kwa kidole. Kitenge cha usoni kilikuwa kimekwisha kuachwa hospitali, na blanketi pia. Hatukuongea mengi. Debora alikuwa akipita nje akishika ukuta, anauliza, "Umeangalia?" Nikijibu nimeangalia alikuwa akisimama kidogo, anasikiliza sauti yangu, ndipo anaendelea.

Halafu katika mwezi wa kumi na moja kanisa lilituletea mzee mwingine, Yosia, mtu wa Fizi, mpole, macho mazima, mgongo mzima. Yeremia alifurahi kama amepewa ng'ombe. Akatuita kwenye mkeka. "Sasa Mungu ametuletea mwanaume," alisema. "Zakaria, unataka nani akuangalie, Yosia ao Mama Salome?" Mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka nikachukue sufuria ya maji. Sikuona kwamba hapo kuna swali.

Zakaria alitazama chini. "Yosia," akasema. "Mama mukwe apumzike."

"Hajasema amechoka," Debora alisema.

"Njo vile ninataka," Zakaria alisema.

Nilipaswa kushukuru. Alikuwa ananirudishia mbele ya watu wote ile heshima ambayo mimi nilikuwa nimeichagua kuliko mguu wake. Kuanzia siku ile hakuniita isipokuwa kwa kupitia mtu mwingine, na hatukuonana uso kwa uso mpaka alipofariki miaka mitatu baadaye, kwa sukari hiyo hiyo, mguu wa pili ukiwa mzima. Yosia aliulinda vizuri. Lakini mimi sikuitaka tena heshima ile. Nilitaka ule unyayo mmoja. Jioni zilipofika mikono yangu ilikuwa inautafuta, na sikuwa na ruhusa ya kuuona, na sikuweza kumlaumu mtu, kwa kuwa nilipokuwa na ruhusa nilikuwa natazama ziwa. Sijui hata leo kama alitaka kuniheshimu au kuniadhibu. Huenda kwake yalikuwa ni jambo moja.

Kazi niliyoachiwa ilikuwa ya maji. Niliyateka, nikayachemsha, nikayapoza kwa kiwiko changu, maana mguu usiosikia hauwezi kukuambia kwamba unaungua, na Yosia alikuja kuyachukua. Asubuhi ya kwanza nilikaa chumbani kwangu, upande wa pili wa ukuta wa Zakaria. Nilisikia beseni likiwekwa chini, na maji yakimiminwa.

"Muzee, haiko ya moto sana?" Yosia aliuliza.

"Mwambie mama, iko sawa."

"Lakini mama haiko hapa."

"Anasikia," Zakaria alisema.